Mjomba, nilipe nusu ya kodi ili nilale sebuleni?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu ni Msambweni. Nilikuja Nairobi nilipopata kazi ya keshia katika duka la dawa huko Westlands. Mshahara ni 26,000, lakini makato yakishapita naona 23,335. Pesa huingia tarehe 5, mara nyingine tarehe 6. Tunafanya kazi siku sita kwa wiki, na nikiwa zamu ya jioni tunafunga saa mbili usiku.

Tangu nifike nakaa kwa kaka yangu Kahawa West. Ana mke na mtoto mmoja. Nyumba yao ni chumba cha kulala na sebule, na mimi nalala kwenye kochi. Kaka anasema hapa ni kwetu, nisiwe na haraka. Wifi yangu hajanikosea hata siku moja, tena huniwekea chakula nikichelewa. Lakini juzi alimwambia jirani mbele yangu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakacheka. Nami nikacheka. Usiku usingizi haukuja.

Nimeanza kutafuta chumba cha kukaa na mwenzangu kwa sababu kodi ya peke yangu naiogopa. Kwanza nilimpata ajenti mtandaoni aliyekuwa na picha nzuri za bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake ndani, za Kinoo. Alitaka 1,500 za kunionyesha nyumba tatu. Nikatuma, nikafika stegi tuliyopatana, na simu yake haijapatikana mpaka leo.

Sasa kuna dada mmoja, rafiki wa mfanyakazi mwenzangu, anayeishi Roysambu katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Anasema kodi ni 18,000, kwa hivyo nitoe 9,000, na dipoziti pia nimrudishie nusu, yaani 9,000, na 1,000 za dipoziti ya maji na stima. Jumla 19,000 kabla sijaingia. Chumba cha kulala kitabaki chake kwa sababu kitanda chake ni kikubwa, mimi nitalala sebuleni ila ataweka pazia. Ana rafiki wa kiume ambaye huja wikendi, lakini si kila wikendi. Mwenye nyumba hapendi watu waongezeke, kwa hivyo keateka, yule msimamizi wa jengo, akiniuliza niseme mimi ni mdogo wake nimekuja kutafuta kazi.

Nauli haitanisumbua sana. Sasa natumia 80 hadi mjini na 50 hadi Westlands, na kutoka Roysambu itapungua kama 30 hivi kila safari. Nimeweka akiba ya 20,000. Mama namtumia 3,000 kila mwezi na hiyo siwezi kuigusa.

Huyo dada anataka jibu kufikia Ijumaa, anasema kuna wasichana wengine wawili wanaoitaka nafasi. Nikubali? Au nitafute singo, chumba kimoja tu, nikae peke yangu? Kaka nimwambieje asione nimemkimbia? Na kama nitahama, kitanda cha bei nafuu nitakipata wapi?

Mwenye Kochi, Kahawa West

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu.

Usikubali, angalau si kwa masharti hayo. Na Ijumaa ya mtu mwingine isikutoe jasho. Wale wasichana wawili ni jamaa zangu wa zamani: kila nyumba iliyowahi kupangishwa Nairobi kuna wawili wengine wanaoitaka.

Umeandika vizuri na hesabu umeziweka wazi, kwa hivyo ngoja nikurudishie barua yako mwenyewe. Sasa hivi unalala sebuleni Kahawa West bila kulipa kodi, kwenye nyumba ya ndugu yako wa damu, na chakula unawekewa. Unataka kuhamia sebule nyingine, nyuma ya pazia, kwa mtu uliyekutanishwa naye na mtu, ulipe 9,000 kwa mwezi, na wikendi mwanamume usiyemjua apite mbele ya kitanda chako akienda chooni. Na ukiulizwa wewe ni nani, udanganye. Nimejaribu kutafuta unachokinunua hapo sijakiona.

Tuanze na hiyo nusu. Nusu ya kodi ni haki pale watu wawili wanapopata nyumba sawa. Mwenye mlango wa kufunga na mwenye pazia hawajapata sawa. Nyumba ya 18,000 ikigawanywa hivyo, mimi ningesema yeye alipe 11,000 au 12,000 na wewe 6,000 au 7,000, na bado ningekwambia ufikirie. Kitanda kikubwa si hoja. Kitanda ni chake, alikinunua kwa hiari yake.

Halafu una uhakika gani kwamba kodi ni 18,000? Umeambiwa na anayepokea pesa. Kuna ujanja wa zamani sana katika ploti za jiji hili: mpangaji analipa 13,000, anamwambia anayekuja kuwa ni 18,000, na mgeni anajikuta anabeba sehemu kubwa ya kodi huku mwenyeji wake analipa elfu nne tu. Simjui huyo dada na simtuhumu. Huenda ni mkweli kabisa. Lakini jambo hili linapimika bila ugomvi. Siku yako ya mapumziko nenda kwenye hilo jengo, piga hodi langoni kama mtu anayetafuta nyumba, umuulize keateka: kuna nafasi ya chumba kimoja na sebule? Inaenda pesa ngapi? Dipoziti je? Hata kama hakuna iliyo wazi, bei atakutajia, maana ndiyo kazi yake. Ukirudi utakuwa na nambari mbili, yake na ya dada, na tofauti kati yao itakueleza mengi kuliko barua ya Mjomba.

Sasa hilo la kuwa mdogo wake. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mikataba mingi ya nyumba Nairobi, hata ile ya ukurasa mmoja iliyotolewa fotokopi mpaka maandishi yamefifia, huwa na kifungu kinachomkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Dada anajua, ndiyo maana anakuficha. Si lazima awe na nia mbaya. Mara nyingi mwenye nyumba anakataa watu kuongezeka kwa sababu maji anayalipia yeye, au kwa sababu tangi lake halitoshi. Lakini matokeo kwako ni yale yale. Utakuwa umetoa 19,000 na hakuna karatasi, risiti wala kitabu kitakachoonyesha kwamba uliwahi kuishi pale. Dipoziti yako itakuwa imo ndani ya dipoziti yake, kwa jina lake. Mkikosana Machi, ataondoka na dipoziti au atabaki na nyumba, na kwa vyovyote vile wewe utakuwa kwenye ngazi na begi. Ukienda kwa mwenye nyumba atakuuliza swali moja tu: wewe nani? Na jibu ulishampa keateka mwenyewe, mdogo wa mpangaji.

Jambo la kodi ni baya zaidi. Utampa dada 9,000 zako tarehe 5, na utaamini amezipeleka. Asipozipeleka, hutajua mpaka siku mtakaporudi mkute kufuli la pili mlangoni. Kufuli hilo halibagui nguo za aliyelipa na za asiyelipa.

Na usitegemee sana kwamba sheria itakuja mbio. Tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji. Lakini inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na kikaachwa hapo hapo wakati kodi zikipanda. Nionyeshe nyumba ya chumba kimoja na sebule Roysambu kwa 2,500 nami nitahamia kesho. Kwa nyumba ya bei yenu, kinga yako ni kile mlichoandikiana na kutia sahihi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha pesa zimekwenda kwa nani. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na unaweza kwenda bila wakili, lakini hata huko utaulizwa ushahidi.

Tugeukie hiyo nauli uliyosema haitakusumbua, maana mimi imenisumbua. Kutoka Roysambu, kwa hesabu yako, ni 100 kwenda na 100 kurudi. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi hiyo ni 5,200. Weka juu ya 9,000 unapata 14,200. Kwenye 23,335 utabaki na 9,135. Toa za mama 3,000. Zilizobaki, 6,135, ndizo za chakula, tokeni za stima, sabuni, bando, na ile siku ya mvua ambapo makanga wa Thika Road anaipandisha nauli mara mbili na bado watu wanagombania mlango.

Wewe unafanya kazi Westlands, mpwa wangu. Mbona unatafuta nyumba upande wa pili wa jiji? Najibu mwenyewe: kwa sababu kaka yuko huko na ndiko unakokujua. Wengi wetu hupanga nyumba ya kwanza karibu na mtu badala ya karibu na kazi, halafu miaka miwili inaishia ndani ya matatu. Mtazamo wako ugeuze uelekee Waiyaki Way. Kangemi iko hapo, Mountain View iko hapo, mbele kidogo kuna Uthiru, halafu Kinoo ambayo tayari ni Kaunti ya Kiambu. Matatu za 23 zinapita njia hiyo siku nzima, moja tu mpaka Westlands bila kuingia mjini. Kutoka Kangemi hesabu 50 kila safari, na saa zisizo na msongamano huwa chini ya hapo. Hiyo ni 2,600 kwa mwezi. Na kuna watu hutembea asubuhi kutoka Kangemi mpaka Westlands, makundi kwa makundi, viatu vya kazi vikiwa kwenye mfuko.

Singo ya mawe Kangemi, yenye choo na bafu vya kushiriki na wapangaji wa sakafu hiyo, unaweza kuipata kwa 5,000, 6,000, pengine 7,000, kutegemea umbali na barabara na hali ya maji. Tuseme 6,500. Ukijumlisha na nauli ni 9,100. Yaani kukaa peke yako Kangemi, na ufunguo mfukoni, kunakugharimu 5,100 pungufu kuliko kulala nyuma ya pazia Roysambu. Akiba yako nayo inatosha: kodi ya mwezi na dipoziti ni 13,000, weka 1,000 ya maji au stima kama watadai, unabaki na 6,000 za godoro na mtungi wa gesi.

Sikwambii Kangemi ni peponi. Choo cha kushiriki ni choo cha kushiriki. Jumapili asubuhi utapanga foleni na kuna jirani ambaye hatapiga deki zamu yake ikifika. Na wewe unafunga saa mbili usiku, kwa hivyo utashuka stegi giza limeshaingia. Hilo lipime vizuri. Tafuta nyumba iliyo karibu na barabara kuu au kwenye njia yenye maduka yanayokesha, hata kama utaongeza 500 au 1,000. Pesa hiyo usiione imepotea. Kaitembee njia yenyewe saa mbili na nusu usiku kabla ya kulipa, ukiwa na mtu, uone taa ziko wapi na watu wanaishia wapi. Waulize wanawake wanaouza mboga njiani kama wao huogopa kupita. Hao watakwambia ukweli, hawana nyumba ya kukupangisha.

Usishuke sana bondeni kwa kuvutwa na kodi ndogo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizoa nyumba zilizojengwa kando ya mito ya jiji hili, na zilizobaki nyingi zilibomolewa na serikali baada ya watu kuamriwa wahame kingo za mito. Jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu lilikuwa kando ya mto vilevile. Ukiona ukuta una ufa unaoingia kidole, au ngazi zina maji yasiyokauka wakati hakuna mvua, shukuru keateka kwa muda wake uondoke.

Je, nimekukataza kuishi na mwenzako? Hapana. Kwa mshahara wako ni jambo la busara, na kwa msichana aliye mbali na kwao kuna raha ya kumkuta mtu nyumbani. Ninachokataza ni kufichwa. Kama kuna msichana mwenzako hapo kazini anayepanda matatu mbili kama wewe, mshawishi muende pamoja mkatafute Uthiru au Kinoo nyumba ya chumba na sebule, au bedsita kubwa ya vitanda viwili, muingie siku moja, majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba na vitambulisho vyote viwili vitolewe nakala. Hapo mwenye nyumba anawajua wawili, dipoziti ni ya wawili, na hakuna mwenyeji wala mgeni. Watu hudhani kushiriki chumba ni lazima uingie kwa mtu aliyetangulia. Kuanza pamoja ni bora zaidi, hasa kwa mambo madogo kama nani aliweka sufuria wapi.

Hosteli pia zipo Ngara na Parklands. Zilijengewa wanafunzi, ila nyingine hupokea wafanyakazi, na kwa bei moja unapata kitanda, maji na stima. Uliza kwanza lango hufungwa saa ngapi, kwa sababu wewe na zamu yako ya jioni mnaweza kukuta limefungwa.

Na kama moyo wako bado uko Roysambu, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini kabla hujatuma hata shilingi, mwambie dada maneno haya kwa upole: nataka nijulishwe kwa mwenye nyumba. Akikubali, nendeni pamoja. Mwenye nyumba akiridhia, hata kwa kuongeza 500 ya maji, mwombe aandike jina lako. Kisha mwombe dada akuonyeshe ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya miezi mitatu iliyopita, ujue hakuna deni analotaka kulilipa kwa dipoziti yako. Hili la deni watu hulisahau. Mtu aliyebaki nyuma miezi miwili ndiye mwenye haraka kubwa ya kupata mwenzake, na ndiye mwenye Ijumaa.

Sehemu yako ya kodi usimpe yeye mkononi. Ploti nyingi siku hizi hulipwa kwa Paybill, ile nambari ya malipo ya M-Pesa, na nambari ya akaunti ni nambari ya nyumba. Tuma yako moja kwa moja, naye atume yake. Mwenye nyumba ataona malipo mawili ya nyumba moja na wewe utakuwa na risiti kwenye simu yako kila mwezi bila kumwomba mtu. Kuhusu dipoziti, andikianeni nusu ukurasa: jina na kitambulisho cha kila mmoja, aliyetoa kiasi gani, tarehe gani, na kwamba anayehama atatoa notisi ya mwezi mmoja na kurudishiwa kilicho chake. Taja pia rangi. Wenye nyumba wengi hukata pesa za kupaka rangi upya kwenye dipoziti, na mkiwa hamjasema nani atabeba, yule wa mwisho kutoka ndiye atakayebeba.

Humo humo mseme habari za wageni. Hiyo "si kila wikendi" ipewe idadi. Mara moja kwa mwezi? Mbili? Akilala, wewe unalala wapi? Ukiona aibu kuuliza sasa, utaona aibu zaidi saa tano usiku ukiwa umevaa kanga na mtu anabisha hodi. Gesi nayo, tokeni, na maji ya mtungi siku za mgao, amueni kama ni kuchanga au kupokezana. Chumvi na majani ya chai msiziandike, ingawa ndizo zitakazowagombanisha.

Siku ya kulipa kodi iseme kabla ya kuingia, popote utakapokwenda. Nyumba nyingi hutaka pesa kufikia tarehe 5 na wengine hutoza faini baada ya hapo. Mshahara wako huingia tarehe hiyo hiyo au kesho yake. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba utalipa kufikia tarehe 7 au 10, iandikwe. Wakubalio ni wengi, mradi wasikie mwanzoni badala ya kusikia siku ya tarehe 6 kupitia kwa keateka.

Yule ajenti wa Kinoo amekwenda na 1,500 zako, na kwa kuwa siku zimepita sidhani utaziona. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, ule ujumbe wa M-Pesa utume 456 mara moja uombe kurudishiwa. Kama mtu hajazitoa kuna tumaini, akishazitoa basi. Nambari yake ripoti polisi upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, angalau iwe imeandikwa mahali. Sisemi maajenti wote ni wezi, wapo wanaokuzungusha juani mchana mzima na kupata riziki yao kwa haki. Ila nyumba za bei yako hazihitaji ajenti. Zimeandikwa langoni kwa rangi au kwa chaki. Nenda katika siku za mwisho wa mwezi, watu wanapotoa notisi na kuhama, uzunguke kwa miguu ukiuliza walinzi, vinyozi, mama mboga na vijana wa bodaboda. Ukionyeshwa chumba fungua bomba. Maji ya jiji, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, hugawanywa kwa zamu, kwa hivyo uliza yanakuja siku zipi na kama kuna tangi. Uliza mita ya stima ni ya chumba chako peke yako au mnashiriki na jirani mwenye jiko la umeme.

Halafu kuna hayo makato. Ndani yake zimo 390 za ushuru wa nyumba, ile asilimia 1.5 ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Unachangia nyumba kila mwezi ukiwa kwenye kochi. Jisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, kama unataka, haikudhuru, lakini nyumba nyingi za mpango huo ni za kununua kwa kulipa kidogo kidogo, na wewe unatafuta pa kulala mwezi ujao.

Kaka usimwambie kwa simu wala siku mmegombana. Ngoja jioni akiwa ameshakula, wifi akiwepo, useme kwamba kazi iko Westlands na usiku unachelewa, kwa hivyo umeona utafute chumba karibu na kazi. Ni kweli tupu, na haimgusi mtu. Mwombe yeye mwenyewe aje muangalie nyumba pamoja Jumapili. Mwenye nyumba akimwona ndugu wa mpangaji huwa na adabu zaidi, na kaka naye hawezi kusema umemkimbia wakati alikuwa pale akigongagonga kuta. Kama mwezi huu hutapata, baki, lakini anza kununua kitu cha nyumba kila wiki, unga, mafuta, gesi ikiisha, umkabidhi wifi mkononi. Kuhusu ule utani wa jembe, mimi nafikiri wifi yako amechoka na sebule yake, hajachoka na wewe, na hilo halina kosa kwa upande wowote.

Kitanda kaangalie Gikomba, au kwa mafundi seremala wa huko huko utakakohamia, maana ukinunua mbali mkokoteni utakula ulichookoa. Futi tatu na nusu kwa sita inatosha singo. Godoro nunua jipya, la mitumba lina historia yake. Sufuria na jiko, Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Ila vyote hivyo baada ya kulipa kodi na kupewa ufunguo, kwa sababu mwenye nyumba akikuta umeshuka na kitanda, bei hapunguzi tena.